Harusi Kama Sinema: Kamera Unayo, Kasoro Iko Kwenye Mpangilio

Ukitaka kujua kwa nini video ya harusi ya mdogo wako inafanana na taarifa ya habari ya saa mbili usiku badala ya filamu, usitazame sura ya bibi harusi. Tazama mikono ya wanaocheza. Simamisha video pale mashangazi wanapoingia ukumbini na vitambaa juu. Kama kila kidole kinaonekana kikavu, kingo zote kali, na ukiiachia video iendelee mikono inarukaruka badala ya kupita, basi mpiga video aliiacha kamera ijipangie mambo yenyewe. Kwenye filamu, mkono unaopita huacha ukungu kidogo nyuma yake. Mtazamaji hauoni ukungu huo, lakini usipokuwapo anahisi kuna kitu kimepungua.

Vijana wanaoishi kwa kushuti harusi, semina na video za wasanii wanaulizana swali moja kila wakati: ninunue kamera gani? Jibu langu halibadiliki, na huwa haliwafurahishi. Kamera wanayo. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zilizotoka katika miaka kumi iliyopita, na simu nyingi za siku hizi, zinaweza kutoa picha yenye sura ya sinema. Mwaka 2023 filamu ya Hollywood iitwayo The Creator, ya mwongozaji Gareth Edwards, ilirekodiwa kwa Sony FX3, kamera inayouzwa madukani kwa mtu yeyote. Ni kweli nyuma yake kulikuwa na mafundi wa mwanga na bajeti ya mamilioni ya dola. Lakini hilo ndilo linalothibitisha hoja: fedha zilikwenda kwingine, si kwenye kamera.

Fremu 25, shuta 50

Enzi za filamu bubu kamera zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilicheza kuanzia fremu 16 kwa sekunde hadi zaidi ya 20, kutegemea mkono wa fundi na ubahili wa mwenye mali. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, uhuru huo ukaisha. Kasi ikiyumba, sauti ya mwimbaji inayumba nayo. Hollywood ikatulia kwenye fremu 24, kasi iliyotosha kubeba sauti bila kula filamu nyingi. Kwa karibu miaka mia moja sasa, macho ya dunia yamezoea kwamba hadithi huja kwa fremu 24. Peter Jackson alipotoa The Hobbit mwaka 2012 kwa fremu 48, watazamaji wengi walilalamika kwamba wanaona seti na mavazi ya waigizaji, hawauoni ulimwengu wa hadithi. Picha ilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliowafukuza.

Kwetu nashauri 25 badala ya 24, na sababu yake iko kwenye nguzo za umeme. Umeme wa Tanzania, Kenya na nchi jirani ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho haliwezi kuufuata mchezo huo, kamera inaweza. Ukirekodi fremu 25 kwa shuta ya 1/50 ya sekunde, kila fremu inapokea mapigo mawili kamili ya taa na mwanga unatulia. Ukiweka fremu 30 na shuta ya 1/60, mpangilio wa Marekani ambako umeme ni wa mizunguko 60, hesabu haigawanyiki, na mistari ya giza inaanza kutambaa ukutani nyuma ya maharusi. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 30. Wengi wakiiona mistari hiyo hudhani kamera imekufa wakaipeleka kwa fundi. Taa za LED za mapambo zina vituko vyake tofauti. Hizo zijaribu kabla wageni hawajaingia, ukisogeza shuta kidogokidogo hadi mistari ipotee.

Kanuni ya shuta ni fupi: iwe mara mbili ya fremu. Kamera za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya filamu, nusu yake kimekatwa, hivyo kila fremu ilipata mwanga kwa nusu tu ya muda wake. Ule ukungu wa mkono unaopita ulizaliwa hapo. Fremu 25 zinataka shuta ya 1/50. Ukitaka mwendo wa taratibu, kwa mfano shela likipepea ufukweni, rekodi fremu 50 kwa shuta ya 1/100, kisha ichezwe kwa 25. Ila usirekodi sherehe nzima kwa 50 au 60 eti utachagua baadaye, kwa sababu sehemu utakazoziacha kwenye mwendo wa kawaida zitakuwa na ile sura ya taarifa ya habari.

Sura hiyo tumeishi nayo muda mrefu. Filamu za Bongo zilizojaza maduka ya kanda, na baadaye VCD na DVD, katika miaka ya 2000, enzi za marehemu Steven Kanumba na wenzake, zilitengenezwa zaidi kwa kamera za video, na kamera za video za wakati huo zilifuata mfumo wa televisheni: nusu-picha 50 kwa sekunde, na kihisio kidogo kinachofanya uso wa mwigizaji na kabati la vyombo nyuma yake vionekane vikali sawasawa. Lawama zote zikawaangukia waigizaji na waandishi wa hadithi. Baadhi walizistahili, lakini sehemu ya kosa ilikuwa ya mashine. Mwaka 2002 Panasonic walitoa AG-DVX100, kamera ya kwanza ya video ya bei ya kadiri kurekodi fremu 24 kamili. Mwaka 2008 ikaja Canon EOS 5D Mark II, kamera ya picha mnato ambayo video ilikuwa kama nyongeza. Kihisio chake, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya picha ya milimita 35, kiliruhusu uso ubaki wazi na vya nyuma viyeyuke. Hata hiyo ilianza na fremu 30 tu. Fremu 24 na 25 ziliongezwa kwa sasisho la programu mwaka 2010, baada ya watumiaji kupiga kelele.

Saa sita mchana

Sasa weka shuta yako ya 1/50, halafu toka nje jua la utosini. Picha yote inageuka nyeupe. Kwenye jua kali, ukiwa na ISO 100 na shuta ya 1/50, tundu la lenzi linatakiwa kubanwa hadi karibu f/22. Kamera iliyoachwa kwenye oto hukwepa tatizo hilo kwa kuikimbiza shuta hadi 1/1000 au 1/2000, na vidole vikavu vya mashangazi vinarudi pale pale.

Dawa yake ni kichujio cha ND, miwani ya jua ya lenzi: kioo cheusi kinachopunguza mwanga bila kugusa rangi. Kutoka f/22 hadi f/2.8 ni hatua sita, na kila hatua inaongeza mwanga maradufu, kwa hiyo unahitaji kioo kinachopitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 64. Ukirekodi kwa mpangilio wa logi (picha iliyopauka inayorangiwa baadaye), ambao kwenye baadhi ya kamera hauanzi chini ya ISO 800, ongeza hatua tatu nyingine. Vipo vichujio vya kuzungusha ambavyo kimoja kinafanya kazi ya vitano, na kwa harusi ndivyo vinavyofaa, maana bibi harusi hatakusubiri ubadilishe kioo mlangoni mwa kanisa. Vya bei ya chini sana huleta unjano, na ukivizungusha hadi mwisho vinachora msalaba wa giza katikati ya picha. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningenunua ND nzuri kabla ya lenzi mpya.

Na tukifika kwenye lenzi, niseme neno ambalo halitapendwa. Mtindo wa kufungua tundu hadi f/1.4 ili kila kilicho nyuma kiwe uji umezidi. Umesafiri hadi Mji Mkongwe, umemsimamisha bwana harusi mbele ya mlango wa nakshi, halafu unaufuta mlango? Si ungepigia uani kwao. Filamu nyingi zinazosifiwa kwa picha hukaa kati ya f/2.8 na f/5.6, ambapo sura iko wazi na mahali bado panatambulika. Kinachopendezesha uso zaidi ya ukungu wa nyuma ni umbali. Lenzi pana ya milimita 24 ikisogezwa karibu inavuta pua mbele na kuyarudisha masikio nyuma. Rudi hatua kadhaa, weka 50 au 85, na uso unakaa ulivyo.

Zebra isiyotufahamu

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya kushuti hayalisemi, kwa kuwa hayakuandikwa yakiwalenga watu wa kwetu. Ndani ya kamera kuna msaada uitwao zebra, mistari inayojichora juu ya sehemu yoyote ya picha iliyofikia kiwango fulani cha mwanga. Maelekezo yaliyozoeleka ni kuuweka uso kwenye asilimia 70. Hiyo ni hesabu ya ngozi nyeupe. Msukume hadi 70 bibi harusi mwenye weusi wa kung'aa, na ngozi yake inakuwa ya kijivujivu kama iliyopakwa majivu, huku shela likigeuka karatasi tupu isiyo na uzi wala ua. Kwa ngozi nyingi za kwetu, uso unashika rangi yake kwenye asilimia 40 hadi 55. Kamera ikiruhusu zebra mbili, moja iweke hapo na nyingine kwenye 95 kwa ajili ya gauni na kanzu. Ikiruhusu moja tu, ilinde nguo nyeupe. Kilichoungua hakirudi, ila kilicho kivulini edita anaweza kukiinua kidogo.

Upungufu huu una historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi kwenye picha iliyopimwa kwa kadi hiyo angeweza kutoka meno na macho tu. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, aliyeichunguza historia hiyo, alieleza kwamba Kodak walisukumwa kuboresha rangi za kahawia na malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Malalamiko ya watu wenye ngozi hiyo hayakuwa yamewatikisa hivyo.

Wanaoijua kazi hii leo hawaongezi taa. Wanapanga kile ambacho ngozi itakiakisi. Ava Berkofsky, aliyepiga picha za tamthilia ya Marekani Insecure, alieleza mwaka 2017 kwamba waigizaji hupakwa vipodozi vinavyong'aa kidogo, naye hutumia chanzo kikubwa cha mwanga laini, ili ngozi nyeusi ishike mng'aro bila kuungua. Huku kwetu hilo halihitaji taa ya dola elfu. Mkalishe bwana harusi kwenye baraza la nyumba saa sita mchana, ndani ya kivuli lakini karibu na ukingo. Jua linapiga saruji au mchanga wa nje na kupanda juu likiwa laini. Shavu linaloelekea barabarani linapata mstari wa mwanga kuanzia kwenye paji hadi taya, shavu la pili linazama kivulini. Sasa hama wewe. Kamera ikae upande wa kivuli, ili mstari ule wa mwanga uonekane ukiuchora uso kwa pembeni. Ukikaa upande wa jua, umepata picha ya kitambulisho. Kama kivuli ni kizito mno, simamisha ubao mweupe wa stairofomu, au mwombe mtu anyooshe shuka jeupe karibu na shavu hilo.

Ongea na mpambaji mapema pia. Poda nyingi iliyopauka inaua mng'aro wote, halafu lawama anapewa mpiga video kwamba kamera yake haioni vizuri.

Jua la utosini lenyewe likimbie. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya kichwa, na hata miezi mingine haliko mbali. Macho yanageuka mashimo mawili. Mwanga wa dhahabu wa jioni nao hapa ni mfupi, kwa sababu karibu na ikweta jua huzama karibu wima. Una nusu saa hivi ya mwanga mzuri kweli, wakati London ya mwezi Juni wenzako wana karibu mara mbili ya hiyo.

Rangi, logi na mistari myeusi

Waiti balansi ifunge. Ikiachwa kwenye oto, kamera inabadilisha mawazo kila bibi harusi anapogeuka: akiwa mbele ya pazia la zambarau uso unakuwa kijani, akihamia kwenye keki unakuwa chungwa, na hakuna edita atakayeifuata safari hiyo fremu kwa fremu. Mchana nje weka 5600, chini ya balbu za njano 3200, na kwenye ukumbi wenye mchanganyiko chagua moja uishi nayo. Halafu mwombe fundi wa taa aache mwanga mmoja mweupe juu ya meza kuu. Zambarau na bluu zikimwagiwa usoni, hakuna programu itakayorudisha rangi ya mtu.

Kwenye menyu ya picha kuna ukali. Ushushe hadi chini. Kamera ikiongeza ukali huchora kingo nyembamba kuzunguka kila kitu, na kingo hizo ni alama mojawapo kubwa ya video ya bei ndogo. Punguza na kontrasti.

Logi, ile picha iliyopauka inayorangiwa baadaye, inatumiwa vibaya kuliko inavyosaidia. Kamera inayorekodi kwa biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi; ukiivuta picha ya logi kwenye uhariri, anga la Bagamoyo linagawanyika mapande mapande. Ya biti 10 ina ngazi 1,024 na inavumilia. Kama ni ya biti 8, au kama video inatakiwa kesho kutwa na hujui kuranga, tumia mpangilio wa kawaida uliopunguzwa kontrasti, na uhesabu mwanga wako sawasawa. Ile mistari miwili myeusi inayowekwa juu na chini ili ionekane sinema nayo haisaidii kitu kama hukupanga fremu yako ukiifikiria. Inakata vichwa tu.

Mwendo wa kamera nauzungumzia kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanauzidisha. Gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera, isogee kwa sababu, kumfuata mtu anayetembea kwa mfano. Vinginevyo stendi imara inatosha. Sauti ni makala nyingine kabisa. Kwa leo itoshe kusema kinasa kidogo kwenye koti la bwana harusi kina thamani kuliko drone, na drone yenyewe inataka kibali.

Wenye simu msijione mmeachwa. Sean Baker alirekodi filamu yake Tangerine ya mwaka 2015 kwa iPhone 5s, akitumia programu iliyomruhusu kufunga mwanga na fokasi, na lenzi ndogo ya kupachika. Leo programu ya Blackmagic Camera ni ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android, na ndani yake fremu 25, shuta ya 1/50 na rangi iliyofungwa vyote vipo. Kuna na vichujio vya ND vya kubana kwenye simu.

Kazi ikikamilika, jihadhari na televisheni ya sebuleni. Seti nyingi mpya hutoka dukani zikiwa na ulainishaji wa mwendo, ambao hubuni fremu za katikati na kuirudisha filamu yako kwenye sura ya tamthilia ya mchana. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video ya kuwasihi watu wauzime. Uzime nawe kabla hujamwonyesha mteja.

Mwisho, neno kwa wewe unayeoa au kuozesha mwaka huu. Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize mpiga video anarekodi kwa fremu ngapi na kama ana ND. Akijibu bila kusita, umepata mtu. Kisha nawe umtimizie la kwako. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi. Tokeni saluni mfike ufukweni saa kumi na moja na nusu, si saa moja na nusu.